Faili Limfuate Mtu: Kuhama Mkoa Kitambulisho Kikiwa Njiani

Anayepanda daladala Mbezi kwenda Kibaha havuki mto mkubwa wala mlima pale mkoa wa Dar es Salaam unapoishia na mkoa wa Pwani unapoanzia. Maduka ya saruji na mabati yanaendelea, vijiwe vya bodaboda vinaendelea, na jina la Kiluvya liko pande zote mbili, Kiluvya ya Ubungo na kata ya Kiluvya iliyo wilaya ya Kisarawe. Kwa njia ya Gongo la Mboto na Pugu mambo ni yale yale: nyumba zinafuatana hadi msafiri anajikuta ameshaingia Kisarawe mjini. Machoni mpaka huu hauonekani, lakini ofisini una nguvu kubwa. Mtu aliyeweka alama za vidole Temeke ili apate kitambulisho cha taifa, kisha akahamia Picha ya Ndege au Msimbu kabla kadi haijatoka, hugundua kwamba yeye amehama na maombi yake yamebaki. Makala haya yanashughulikia kipindi hicho cha katikati, pale ambapo mtu ameshaondoka na karatasi zake hazijakamilika. Hoja yangu ni kwamba maombi ambayo hayajakamilika ni deni la serikali kwa mtu, na deni hulipwa mahali alipo anayedai. Faili ndilo linalopaswa kumfuata mwenye faili.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana kwenye sensa. Mwaka 2012 mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668. Mwaka 2022 walikuwa 2,024,947. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 84 katika miaka kumi, wakati Dar es Salaam yenyewe iliongezeka kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, yaani kama asilimia 23. Halmashauri ya Mji wa Kibaha ilihesabiwa watu 128,488 mwaka 2012, na sensa iliyofuata ikakuta idadi hiyo imezidi maradufu. Kisarawe, iliyokuwa na watu 101,598, ilikaribia 160,000. Uzazi peke yake hauzidishi watu kwa kasi hiyo, hivyo sehemu kubwa ya hao wapya ni wahamiaji. Wapo waliotoka mikoa ya mbali kufuata viwanda vya Kibaha, na wapo wengi waliotoka jijini kufuata kiwanja cha bei wanayoimudu. Bomoabomoa ya mwaka 2017 kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, iliwaondoa watu wengine kwenye nyumba walizozikalia kwa miaka mingi. Kisha barabara ikapanuliwa hadi Kibaha, maji ya Ruvu yakafikishwa Kisarawe mwaka 2020, na mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza safari ikiwa na vituo vya Soga na Ruvu. Kila moja ya hatua hizo ilimwambia mkazi wa Dar kwamba anaweza kulala Pwani na kufanya kazi Kariakoo. Kwa hiyo kuhama kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine limekuwa jambo la kawaida kabisa katika ukanda huu, na utaratibu wowote wa umma unaodhani kwamba mtu atakaa alipo hadi karatasi zake ziive umekosea kusoma maisha ya watu unaowahudumia.

Tuangalie sasa kitambulisho chenyewe kinavyopatikana. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, ilianzishwa mwaka 2008 ili kutekeleza Sheria ya Utambuzi na Usajili wa Watu ya mwaka 1986. Mwombaji aliyetimiza miaka 18 hujaza fomu, huambatanisha cheti cha kuzaliwa na vielelezo vingine, hupitishiwa fomu hiyo na serikali ya mtaa au kijiji anapoishi, huhojiwa na maofisa wa uhamiaji kuhusu uraia wake, kisha hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole katika ofisi ya wilaya. Baada ya uhakiki hupewa namba ya tarakimu 20, ambayo nane za mwanzo ni tarehe yake ya kuzaliwa. Kadi huja baadaye, na kwa waombaji wengi imekuja miaka kadhaa baadaye. Inapotoka hupelekwa wilaya alikojiandikisha, na mara nyingi hushushwa hadi ofisi ya kata, ya mtaa au ya kijiji. Hapo ndipo penye tatizo letu. Namba husafiri na mwenyewe, kwa kuwa imo kichwani au kwenye simu yake. Kadi hurudi kwenye anwani ya zamani, kwa mwenyekiti ambaye pengine hamkumbuki tena mpangaji aliyekaa chumba cha uani kwa mwaka mmoja.

Wapo watakaosema kwamba namba inatosha, na kadi ni pambo. Ni kweli kwamba namba imebeba mambo mengi. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na tarehe ya mwisho iliyowekwa Desemba 31 ikasogezwa hadi Januari 20, 2020 kwa sababu watu wengi walikuwa bado hawana namba. Tangu hapo benki, pasipoti, namba ya mlipakodi, usajili wa kampuni, maombi ya kazi serikalini na mikopo ya wanafunzi vyote vimeegemea namba hiyo. Lakini mwaka 2025 NIDA ilitangaza kwamba kuanzia Mei 1 ingeanza kusitisha matumizi ya namba za watu waliotumiwa ujumbe wa kwenda kuchukua kadi wakashindwa kuzichukua, huku zaidi ya kadi milioni moja zikiwa zimelala ofisini. Tangazo hilo lilibadilisha uzito wa jambo zima. Kabla yake, aliyehama na kuacha kadi nyuma alikosa kipande cha plastiki. Baada yake, alikuwa hatarini kukosa na namba, na akikosa namba anakosa pia laini, akaunti na kazi.

Sitadai kwamba kadi zote hizo milioni moja na zaidi ni za watu waliohama. Wapo waliofariki, wapo waliobadilisha namba ya simu wasipate ujumbe, na wapo ambao hawakuona haja. Lakini sababu hizo hazilingani. Marehemu hana wa kumfuatia kadi, na asiyeona haja atakwenda akibanwa. Aliyehama yuko tayari kuipokea kadi yake leo, isipokuwa kwamba kadi iko mahali yeye hayupo. Miongoni mwa sababu zote hii ndiyo inayotibika kwa urahisi zaidi, maana dawa yake iko mikononi mwa mtoaji, na ndiyo maana inastahili kutangulizwa.

Gharama ya utaratibu uliopo haigawanyiki sawasawa. Mwenye nyumba yake Oysterbay hahami ovyo, na akihama ana gari. Anayehama mara kwa mara ni mpangaji, kijana aliyeanza kazi kiwandani Zegereni, mama aliyeuza genge lake Buguruni akaenda kuanza upya Mlandizi, familia iliyopakia vitu kwenye kirikuu usiku kwa sababu kodi imepanda. Kwa watu hao siku moja ya kufuatilia kadi ni siku moja bila kipato, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi, na kwa kawaida siku hiyo haiwi moja. Kibaha mjini angalau iko njia kuu. Kisarawe ni wilaya pana, na makao yake makuu yamekaa pembeni kabisa, karibu na Pugu. Aliyehamia Maneromango, Mzenga au Vikumburu husafiri kwanza hadi Kisarawe mjini, ndipo aanze safari ya kwenda ofisi ya jijini alikojiandikisha. Akiambiwa kadi imerudishwa kutoka kata hadi wilaya, au kwamba mwenye ufunguo wa kabati ametoka, siku imekwisha. Na huyo ni wa hapa jirani. Aliyejiandikisha Kasulu au Newala kisha akaja Kibaha kutafuta maisha hana hata huo uwezekano wa kwenda na kurudi kwa siku.

Mazoea haya ya kumfunga mtu na mahali yana mizizi mirefu. Utawala wa kikoloni ulimwona Mwafrika wa mjini kama mgeni ambaye kwao ni kijijini, na aliyekutwa Dar es Salaam bila kazi aliweza kurudishwa alikotoka. Mwaka 1983, chini ya kampeni ya Nguvu Kazi, serikali huru nayo iliwakamata watu mijini walioshindwa kuonyesha kwamba wana kazi, na wengi wakapelekwa vijijini. Sera hizo zimepita, na ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano. Ila fomu zetu bado zinauliza kwa sauti ile ya zamani: kwenu wapi, mtaa gani, nani anakufahamu. Haki ya kuishi popote hupungua thamani ikiwa kila anayeitumia anatozwa kodi isiyoandikwa, ya kurudi alikotoka kila karatasi yake inapotoka.

Tanzania imewahi kuona, kwa kiwango kikubwa zaidi na kwa maumivu zaidi, kinachotokea karatasi ya mtu inapofungwa na mahali. Wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972 walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kuanzia mwaka 2007 serikali iliwapa nafasi ya kuchagua kati ya kurudi na kuomba uraia, na hadi mwaka 2010 maombi ya watu takriban 162,000 yalikuwa yamekubaliwa, jambo ambalo nchi chache duniani zimethubutu kulifanya na ambalo Watanzania wana haki ya kujivunia. Lakini hati zenyewe zilizuiwa. Sharti lilikuwa kwamba wahame kwanza kwenye makazi hayo, wasambazwe mikoa mingine, ndipo wakabidhiwe karatasi. Uraia wa Burundi walikuwa wameshaukana. Mpango wa kuwahamisha ulisimamishwa mwaka 2011, na kwa miaka kadhaa watu hao waliishi katika hali ambayo mtu hajui apande mwembe au asipande, ajenge kwa tofali au aongeze udongo kwenye ukuta wa zamani. Oktoba 2014, Rais Jakaya Kikwete alipoanza kukabidhi hati, sharti la kuhama lilikuwa limewekwa kando, na wengi wakabaki walipokuwa. Kisa hiki ni kinyume cha kile cha Kibaha, kwa kuwa kule watu walilazimishwa kuhama ili wapate karatasi, na huku wanaadhibiwa kwa kuhama kabla ya kuipata. Kosa lililo chini ya yote mawili ni lile lile la kuchanganya swali la mtu huyu ni nani na swali la mtu huyu analala wapi. Serikali ilipoyatenganisha maswali hayo mwaka 2014, suala lililokwama kwa miaka lilifunguka.

Nje ya mipaka yetu kuna mfano ambao familia nyingi za Kiswahili zinaufahamu. Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma na kupokelewa Marekani hutakiwa, baada ya kukaa mwaka mmoja, kuomba ukaazi wa kudumu, yaani ile kadi iitwayo grini kadi. Wengi wao hawakai jimbo walilofikishiwa. Hufuata ndugu, kazi au kodi nafuu katika jimbo lingine, na mara nyingi maombi yao yanakuwa bado hayajajibiwa. Sheria ya huko haiwakatazi. Inawataka waiarifu idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10, na taarifa hiyo inaweza kutolewa kwa intaneti. Kama usaili unahitajika, faili huhamishiwa ofisi inayohudumia mahali mtu alipohamia. Utaratibu huo una makali yake: kuhamishwa kwa faili kunaweza kurefusha kusubiri, na asiyetoa taarifa anaweza kupoteza barua ya kuitwa kwenye usaili au kadi yenyewe, kwa kuwa hutumwa kwa posta kwenye anwani iliyopo kwenye kumbukumbu. Nchi ile haijulikani kwa ulegevu kwa wageni. Hata hivyo imekubali kwamba mtu anayesubiri karatasi ataendelea kuishi, na kwamba kuishi ni pamoja na kuhama. Ikiwa mgeni aliyeko ugenini anaruhusiwa kuhama na faili lake kutoka jimbo hadi jimbo, raia wa Tanzania aliyetoka Ubungo kwenda Kibaha hawezi kuambiwa kwamba jambo hilo ni gumu mno.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama. Nchi yetu inapakana na nchi nane, watu wa kabila moja wako pande mbili za mipaka mingi, na kitambulisho cha taifa kikiangukia mkononi mwa asiyestahili madhara yake ni makubwa. Serikali ya mtaa imewekwa kwenye mlolongo huu kwa sababu jirani anamjua jirani. Nalichukua pingamizi hili kwa uzito wote, na ndiyo sababu sipendekezi uhakiki ulegezwe hata kidogo. Lakini ushahidi wa jirani una nguvu pale tu jirani anapomjua mtu. Mkazi wa miaka 20 wa Vingunguti anafahamika Vingunguti, na ni vizuri ahakikiwe huko. Kinachoombwa hapa ni kwamba uhakiki ukishakamilika Vingunguti, matokeo yake yapokelewe Kibaha bila kuanza upya, na kadi ifike Kibaha bila mwenyewe kuifuata. Tena utaratibu uliopo unaweza kuidhoofisha hiyo hiyo hoja ya usalama. Aliyekata tamaa ya kufuatilia maombi ya zamani hushawishika kuanza mapya kana kwamba hakuwahi kuandikishwa, na mwenyekiti wa mtaa mpya, ambao nusu ya wakazi wake walihamia jana, hugonga muhuri kwa mtu asiyemjua. Faili moja linalosafiri ni salama kuliko mafaili mawili yaliyokaa.

Pingamizi jingine husema kwamba mhamaji ajilaumu mwenyewe, kwani angeweza kusubiri au kutoa taarifa. Sehemu ya pili ya kauli hiyo ni ya haki: mtu ana wajibu wa kusema amehamia wapi. Sehemu ya kwanza haisimami. Kusubiri kungekuwa na maana kama kadi ingetoka kwa wiki kadhaa zinazojulikana. Palipokuwa na miaka ya kusubiri, kumtaka mtu asihame ni kumtaka akatae kazi, akatae kiwanja, akae kwenye chumba asichokimudu. Na hoja ya kwamba safari ya Kibaha hadi Dar si ndefu hugeuka dhidi ya mwenye kuitoa: kama umbali ni mdogo hivyo, gari moja la serikali likibeba kadi mia kadhaa kutoka ofisi za jijini kwenda Kibaha na Kisarawe mara moja kwa mwezi litagharimu kidogo kuliko nauli za watu mia kadhaa, kila mmoja na safari zake mbili au tatu.

Inabaki hoja ya uwezo wa mitambo, na hapo jibu tunalo nyumbani. Wakala wa laini za simu aliyekaa chini ya mwavuli Maili Moja huchukua kidole cha mteja aliyejiandikisha Bukoba, na baada ya muda mfupi mtambo humjibu kama ndiye au siye. Maana yake ni kwamba taarifa za huyo mteja hazipo Bukoba wala hazikuwahi kuwa huko kwa namna ya kumhitaji arudi. Ziko kwenye kanzidata moja ya taifa, na kituo cha NIDA cha kuhifadhi na kuchakata taarifa hizo kimejengwa Kibaha. Kwa hiyo mkazi mpya wa Kibaha anaishi jirani na kumbukumbu zake mwenyewe huku akitumwa Temeke kuzifuata. Daftari la wapiga kura nalo linaonyesha njia. Katika uboreshaji ulioanzia Kigoma Julai 2024, mpiga kura aliyehama aliweza kuhamisha taarifa zake hadi kituo cha makazi mapya bila kulazimika kurudi alikojiandikisha mwanzo. Kama kura, ambayo kwa asili yake imefungwa na jimbo, inahamishika, kitambulisho cha taifa zima kinahamishika zaidi. Na tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba zimewekewa namba na barabara majina, hata mitaa ya pembezoni iliyokuwa ikielekezwa kwa mti wa mwembe sasa ina anwani inayoweza kuandikwa kwenye mfumo.

Kinachotakiwa, basi, ni maamuzi machache ya kiutawala ambayo hayahitaji sheria mpya. NIDA imwezeshe mwombaji kubadilisha wilaya ya kupokelea kadi, kwa simu au katika ofisi yoyote ya wilaya, baada ya kuthibitishwa kwa kidole. Ofisi ya wilaya alikohamia iwe na wajibu wa kuiita kadi kutoka wilaya ya zamani, badala ya kumpa mwananchi kazi ya utarishi. Na jambo la tatu ninalisisitiza kuliko mengine: namba ya mtu isisitishwe kwa sababu ya kadi isiyochukuliwa kabla hajaulizwa kama amehama na kupewa nafasi ya kuipokelea alipo. Kusitisha namba ni adhabu, na adhabu haipaswi kumwangukia mtu ambaye kosa lake pekee ni kutafuta pa kulala. Pwani ingefaa kuwa mahali pa kuanzia, kwa kuwa hapana mkoa uliopokea watu wa Dar es Salaam kwa wingi kama huu, na Kibaha na Kisarawe ziko karibu kiasi cha kupima matokeo kwa miezi michache.

Wakati hayo yakisubiriwa, msomaji unayejiandaa kuhama kwenda Kibaha, Kisarawe au kwingineko, usiondoke na karatasi zako zikiwa hewani. Andika namba yako ya NIDA mahali zaidi ya pamoja. Hakikisha namba ya simu iliyo kwenye maombi yako ni ile unayoitumia, maana ujumbe wa kadi utakuja huko. Mwage mwenyekiti wa mtaa unaouhama kwa kumwachia mawasiliano yako, na ujitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa unaouhamia wiki ile ile unayofika, kabla hujawa na shida naye. Kisha nenda ofisi ya NIDA ya wilaya yako mpya ukaseme kwamba umehamia, nao wakaandike. Tukisema wengi, jambo hili halitaendelea kuonekana kama shida ya mtu mmoja mmoja.